Sungura Mnadani

Katika mambo yote ambayo binadamu ameyafanyia mashindano, toka mbio za ngalawa hata mbio za magunia, sijui kama liko lililo gumu kuwaeleza watu wa Kathonzweni kuliko kushindania daraja kwa sarafu ambazo mwenyewe hathubutu kuzitumia, wala kuzigusa kwa kidole, wala hata kuzipumulia. Maana mji wetu huu, ulioko kusini ya mji wa Wote, ni mji wa soko, na shilingi ikiingia sokoni hupewa kazi kabla haijapoa kiganjani, ikageuka ndengu, ikageuka mtungi wa maji uletwao na punda, ikageuka mguu wa mbuzi. Ukimwambia mtu aliyekuwa akipatana bei ya beberu tangu alfajiri kwamba unazo fedha zilizofungiwa sandukuni tangu 1966, nazo hazijapata kununua hata kiberiti, atakutazama kwa huruma, kisha atakuuliza habari za afya yako.

Sarafu za namna hii huitwa prufu. Kipande cha madini husuguliwa hata king'ae, muhuri nao husuguliwa, kisha hupigwa chapa zaidi ya mara moja, hata uwanda wa sarafu ukawa kioo na picha ikasimama juu yake kwa weupe wa ukungu. Wajuzi huipa maksi toka 1 hadi 70, kwa mizani iliyotokana na ile aliyoibuni Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Naam, sabini, wala si mia, jambo ambalo mimi niliyesahihisha madaftari umri wangu wote sijaliridhia hata leo. Huko Marekani iko kampuni iitwayo PCGS ambayo huzifungia sarafu katika vibweta vya plastiki, ikaziandikia maksi, na ikaweka daftari ambamo wenye seti hupangwa daraja kwa daraja, na wako matajiri wakosao usingizi kwa sababu ya sehemu ya maksi moja. Amma sisi, kwa kuwa nauli ya kuzipeleka sarafu hata Marekani na kuzirudisha ingezidi thamani yao, tuliweka daftari letu wenyewe katika duka la vifaa vya ujenzi, ambalo mwenyewe ana lenzi nzuri wala hana udugu nasi. Washindani tulikuwa wawili: mimi, na jirani yangu, karani mstaafu wa ushirika. Kila nilipomtangulia, Karani aliwatangazia watu kuwa yeye ni wa pili katika kaunti nzima ya Makueni; kila aliponitangulia, aliwaambia kuwa Mwalimu ni wa mwisho. Wala katika kauli hizo mbili hamkuwa na uwongo hata chembe.

Ajabu nyingine ni kwamba sisi Wakenya wawili hatukushindana kwa sarafu za Kenya. Seti za prufu za Tanzania na Uganda za mwaka 1966 zilitengenezwa kwa maelfu, lakini za kwetu za mwaka huohuo zilikuwa chache mno, hata mtu wa pensheni huzisoma katika orodha tu, kama asomavyo bei za nyumba za Mombasa. Basi tukaangukia kwa Mwalimu Nyerere: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge.

Msiba wa kwanza ulinifika mimi. Prufu iliyo njema, mwanga usipoielekea, huonekana nyeusi tititi, na weusi huo ndio fahari yake. Mwaitu, yaani mama yangu mzazi, alipokuja kututembelea akakuta sanduku li wazi, akaona aibu kubwa kwamba mwanawe, mtu aliyesoma, ameziacha fedha zishike masizi. Akachukua jivu la jikoni, nusu ya limau na fundo la katani, akazisugua kwa upendo wote wa mzazi. Niliporudi alinikabidhi, zimeparara kama sufuria za harusi. Akaniambia, "Hizi sasa hata dukani watazipokea." Kisha, ili anifunze namna fedha itunzwavyo, akanionyesha sarafu yake ya tundu ya senti kumi aliyorithi kwa mama yake, ikining'inia kwenye uzi: ya mwaka 1936, yenye jina la Edward wa Nane, mfalme ambaye kwao Uingereza sarafu zake hazikupata kutolewa zitumike. Ningejibu nini? Nikasema, "Asante, mwaitu." Mwenye duka akatazama kwa lenzi, akafuta maksi zangu zote kwa mstari mmoja ulionyooka.

Karani alikuja kunipa pole kwa uso uliojaa furaha, naye hakujua kwamba zamu yake i njiani. Mjukuu wake alikuwa mtoto wa zama hizi, ambaye hajui sarafu ila zile zilizotolewa Desemba 2018, baada ya Katiba ya 2010 kukataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha: shilingi moja ina twiga, tano kifaru, kumi simba, ishirini ndovu. Mtoto alipomwona sungura katika sanduku la babu yake, alikata shauri, kwa mantiki isiyo na kasoro, kwamba huyu naye ni mnyama wa Benki Kuu, akamtia katika kikapu cha sadaka Jumapili.

Karani akadai arudishiwe. Wazee wa kanisa wakamjibu kwa upole kwamba kilichokwisha kutolewa kwa Mungu hakirudi, ila kama yeye anakitaka, basi kitanadiwa baada ya ibada pamoja na jogoo, trei la mayai na maembe. Mnada ukaanza kwa shilingi ishirini. Karani akasema hamsini. Mimi, kwa kuwa sarafu hiyo moja ingetosha kuanza upya, nikasema mia. Waumini, waliodhani tumeshikwa na roho ya utoaji, wakapiga makofi. Tulipofika mia tisa vigelegele vikapaa, na mchungaji akawa anayatazama mabati ya paa kwa matumaini mapya. Ndipo mama mmoja mfanyabiashara wa ndengu, akiamini kwamba wazee wawili waliosoma hawawezi kugombania kitu kisicho na faida, akatamka kwa sauti kubwa, "Elfu mbili!"

Karani akaniinamia. "Mwalimu, nikopeshe."

"Nikukopeshe ili unishinde?"

Nyundo ikagonga.

Mwenye duka ametoa hukumu kwamba seti iliyopungua si seti, na sarafu iliyosuguliwa haina maksi, kwa hiyo daftari limebaki bila wa kwanza. Karani anasema sote ni wa pili. Yule mama naye amemwambia kwamba sungura huyo atamtoboa tundu ili binti yake amvae shingoni, isipokuwa kama Karani yu tayari kumkomboa kwa mbuzi mmoja dume. Karani ameomba muda afikiri, nami, kwa ujirani mwema tu, nimepita kwa mama huyo kumkumbusha asiwe na haraka, kwani Krismasi inakaribia, na mbuzi wa Kathonzweni hawajapata kushuka bei mwezi wa Desemba.