Kwa Mungu wa Ndoto za Wasiolala

Ngara, Nairobi

Kwa Mheshimiwa Sehanine Moonbow,
Mungu wa Mwezi (na pengine Ndoto)

KUH: NDOTO ILIYOKOSA MWENYEWE

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka orofa ya tatu, karibu na Park Road, ambako kila Jumamosi mimi na wenzangu wanne huizunguka meza ya kulia na kurusha dadu yenye pande 20. Mimi ndiye mwendesha mchezo wetu wa kuigiza. Jumamosi iliyopita kasisi wetu, ambaye siku za kazi ni fundi wa simu, aliomba alale aote mahali joka lilipojificha. Nikafungua vitabu nione ni mungu yupi wa kuitia sahihi ndoto hiyo. Tulibishana hadi ugali ukapoa.

Usidhani sisi ni wageni wa ofisi kusukumiana kazi. Mtaani kwetu shimo likitokea barabarani, ofisi moja husema ni la ofisi nyingine, na maji hutuama humo yakimsubiri mwenyewe. Tulidhani tu kwamba huko juu mna utaratibu.

Hebu tazama faili lako. Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wetu huu, Dungeons & Dragons mwaka 1974; wewe ulipokuja baadaye ukapewa mwezi, safari, kifo na ndoto, kama waziri mwenye shemeji Ikulu. Mwaka 2008 likaja toleo la nne, baraza likapanguliwa. Kifo akapewa mungu mwenzako, Raven Queen. Wewe ukabaki na mwezi, ukaongezewa majira ya vuli na hila. Hila, sawa, kila baraza lina mwenye wizara hiyo. Lakini ndoto nimezitafuta kwenye orodha ya kazi zako za mwaka huo sikuziona, wala sikuona hati ya makabidhiano.

Hata hilo tungelimeza. Lililotukaba ni kwamba watu wako, elfi, wale wenye masikio yaliyochongoka, hawalali! Kitabu cha mchezo cha mwaka 2014 kinasema wao hukaa wakitafakari kwa muda wa saa 4, basi, kumekucha. Yaani ndoto zilikabidhiwa mungu wa watu wasiojua mto wa kulalia ni wa nini. Ni kama kumpa wizara ya uchukuzi mtu ambaye makanga hajawahi kumgonga bega akidai nauli.

Hapa Ngara wapo wanaolala kwa muda wa saa 4 vilevile. Wauza mitumba wa soko letu hutoka saa kumi alfajiri kwenda Gikomba kuwahi kamera, zile nguo safi za kwanza kabla hazijachaguliwa. Lakini wao huota usingizini, Mheshimiwa. Mmoja alisinzia mbele yangu saa nane mchana, chini ya mwavuli, akaota, akaamka akitaja bei. Tena bei nzuri.

Tukamgeukia mwenzako Desna, wa mchezo wa Pathfinder. Ndoto, nyota, bahati na wasafiri, vyote vyake. Kwa abiria wa matatu, hivyo viwili vya mwisho huenda pamoja. Nembo yake kipepeo. Mama yangu, aliyekuwa akitusikiliza kutoka jikoni, akaja akaiangalia picha, akacheka. "Vipepeo wa ndoto tunawajua sisi."

Akatusimulia habari za Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wakikuyu, zile alizoziandika Jomo Kenyatta katika Facing Mount Kenya mwaka 1938. Mungu wao, Ngai, alimchukua usingizini. Akaamka anatetemeka, mwili michubuko mitupu, hawezi kusema. Sauti iliporudi akatangaza kwamba watakuja wageni wenye rangi ya chura mdogo, nguo zao kama mabawa ya vipepeo, na nyoka wa chuma. Nyoka huyo ndiye reli: ilifika Nairobi mwaka 1899. Dadu haikurushwa. Wala Ngai hakuwa na waziri wa ndoto: mvua, mifugo, ndoto, vyote ofisi moja, mlimani Kirinyaga.

Kasisi wetu akauliza michubuko hiyo ilimpunguzia Mugo pointi ngapi za uhai. Mama akamwambia aoshe vyombo.

Tunaomba jibu kabla ya Jumamosi. Kama ndoto bado ni zako, mtumie kasisi moja, fupi, yenye ramani. Kama si zako, sema, tulipeleke ombi letu Kirinyaga. Ila mama anasema huko haendi mtu mikono mitupu, kuna mbuzi, na bajeti yetu yote ni chipsi na soda ya lita mbili.

Wako mwaminifu,
Mwendesha mchezo (ninayelala)

Nakala: Desna