“Mheshimiwa, Sheria Hii Hainihusu”: Hoja Sita Zinazoangukia Pua Mahakamani

Marekani, Kanada na Uingereza wapo watu wanaoamini kwamba ukiyajua maneno fulani, sheria zilizotungwa na bunge hazikugusi: huhitaji leseni, hudaiwi kodi, na deni la benki linayeyuka. Wengine hujiita raia huru. Mahakama zimewajibu tena na tena. Tuhesabu kushuka, ile mbaya kuliko zote ije mwisho.

6. Bendera yenye matamvua ya dhahabu. Wanadai ukiiona chumbani mwa hakimu, umeingia mahakama ya mambo ya bahari, na wewe wa nchi kavu haikuhusu. Matamvua ni pambo, ndugu yangu. Yangekuwa na nguvu hizo, fundi cherehani angekuwa jaji mkuu.

5. “Siendeshi, nasafiri.” Leseni, wanasema, ni ya wafanyao biashara barabarani. Haya msafiri, shuka! Gari linakokotwa kituoni, safari iendelee kwa miguu.

4. Magna Carta, kifungu cha 61. Wakati wa korona baadhi ya wenye maduka Uingereza walikibandika mlangoni wakiamini kinawaruhusu kukaidi amri ya kufunga. Kifungu hicho kiliwapa mabaroni 25 haki ya kumbana Mfalme John mwaka 1215. Papa Innocent III aliubatilisha mkataba mwaka uleule, na ulipotolewa upya mwaka 1216 hakikuwemo. Mwenye duka, wewe si baroni, na kifungu chako kilizikwa zaidi ya miaka 800 iliyopita.

3. Jina la herufi kubwa. Eti jina lako likiandikwa kwa herufi kubwa tupu si lako tena, ni la mtu wa karatasi aliyeundwa na serikali. Hapa utani unanikauka. Mwaka 2021 Darrell Brooks aliingiza gari kwenye gwaride la Krismasi mjini Waukesha, Wisconsin, akaua watu sita. Kesi iliposikilizwa mwaka uliofuata alijitetea mwenyewe, akasema jina aliloitwa halitambui, na familia za waliouawa zikalazimika kuyasikiliza hayo. Alipewa vifungo sita vya maisha. Hakuna mtu wa karatasi aliyekwenda gerezani badala yake.

2. Akaunti ya siri ya cheti cha kuzaliwa. Hadithi inasema Marekani ilipoachana na dhahabu mwaka 1933 iliwaweka rehani raia wake, na kila mmoja ana mamilioni yake Hazina. Hazina yenyewe imetangaza kwamba akaunti hizo hazipo. Waliojaribu kulipia madeni kwa hundi zake wamefungwa kwa ulaghai. Hela pekee iliyotoka ilikuwa ya wakili.

1. Muuza semina. Huyu ndiye anayenikera kuliko wote, kwa sababu wateja wake wengi ni watu waliokwisha kubanwa: nyumba inakaribia kupigwa mnada, barua za mdai zimejaa mezani, naye anawauzia fomu na vitabu. Hata mwigizaji Wesley Snipes aliwaamini washauri wa namna hii; mwaka 2008 alihukumiwa miaka mitatu jela kwa kutowasilisha hesabu zake za kodi. Mwaka 2012 Jaji John Rooke wa Alberta, Kanada, akiamua shauri la talaka la Meads dhidi ya Meads, alizichambua hoja hizi katika hukumu yenye aya zaidi ya 700. Aliwataka wateja wawaulize wauzaji: kama mnao ufunguo wa utajiri, mbona nyinyi si matajiri? Na mbona hamsimami mahakamani wenyewe na hoja zenu?

Ukiwa na ndugu ughaibuni aliyelemewa na deni, naye ameanza kukutumia video za watu hawa, mpigie leo. Mwambie amdai muuzaji namba ya kesi moja tu aliyoshinda. Kisha amwone wakili wa msaada wa kisheria kabla siku za kujibu madai hazijaisha.