Sifa za Hitilafu Yenye Haya

Nyaya za baharini zimesifiwa vya kutosha. TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, na LION2 ulipoibukia hapa Nyali mwaka 2012, maneno mazuri hayakukosekana, na yalistahili. Asiyesifiwa mpaka leo ni mtukufu anayezisubiri zote nchi kavu, anayeweza kupokea habari iliyovuka bahari salama kutoka Fujairah na kuipoteza ndani ya mashine, hatua ya mwisho kabisa, umbali usiozidi upana wa kidole. Namzungumzia hitilafu ya mpangilio wa kumbukumbu, hasa yule anayeishi ndani ya viendeshi, yaani zile programu ndogo ambazo kwazo mfumo wa kompyuta huongea na kadi ya mtandao, diski au kamera. Fadhila zake ni nyingi. Hana ubaguzi: simu ya laki na simu ya mkopo huzitembelea sawasawa. Ana subira ya kungoja miezi. Amelisha watoto wa mafundi wengi, nao hawajamshukuru.

Ili sifa zisiwe za bure, tumtazame kazini. Kiendeshi kikitaka kutuma pakiti, kwanza huiandika kwenye kumbukumbu pamoja na hati fupi inayosema iko wapi na ina urefu gani. Kisha huandika namba kwenye rejista moja ya kadi, ambayo mafundi huiita kengele, maana kazi yake ni kuiambia kadi ije ichukue. Kadi huja yenyewe, ikaisoma kumbukumbu bila kupita kwa prosesa. Anayesoma msimbo huona mistari miwili, mmoja juu na mwingine chini, na yuko tayari kuapa kwamba wa juu ndio uliotangulia. Prosesa haikuapa. Prosesa za ARM, zilizomo karibu katika kila simu inayouzwa Kongowea, zina ruhusa ya kufikisha maandishi mawili ya sehemu tofauti kwa mpangilio wowote unaozifaa, na kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ilikwisha kujichukulia ruhusa kama hiyo mapema. Kengele ikitangulia, kadi huja mbio, hukuta hati iliyopitwa na wakati, na huitekeleza kwa uaminifu wote. Dawa yake ni mstari mmoja unaoitwa kizuizi. Hakijumlishi wala hakihamishi chochote. Kinaamuru tu kwamba yaliyo juu yake yaonekane kwanza, ndipo yaliyo chini. Linux ina njia ya kuandika rejista, writel, inayobeba kizuizi ndani yake, na njia ya mkato, writel_relaxed, isiyokibeba. Wapenda kasi huijua ya pili.

Fadhila yake kuu lakini ni haya, na hapa naomba niachiwe uwanja. Mwari aliyewekwa ndani hajui kujisitiri kama yeye. Mtie mstari wa kuchapisha ujumbe ili uone anapita wapi: kuchapisha huchukua muda, muda huo humtosha kila aliyechelewa kufika, na kengele hulia wakati wake. Hayupo. Uondoe ule mstari, amerudi. Iendeshe programu hatua kwa hatua, ukisimama kila mahali kuangalia, na mashine nzima itakuwa na adabu ya chuoni. Ipeleke kwa mkuu wako uthibitishe malalamiko yako, itafanya kazi kutwa mbele ya macho yake, naye atakutazama wewe kwa huruma. Hata anapofanya uharibifu wa wazi hajitwalii sifa. Utasingiziwa waya, vitasingiziwa virusi, itasingiziwa hata mvua, naye kimya. Binadamu wangapi wangeweza kufanya kazi kubwa hivi na kuacha wengine watajwe? Kwenye kompyuta za Intel na AMD stara yake huzidi, kwa kuwa kwa kumbukumbu ya kawaida prosesa hizo haziachi andiko la nyuma lilipite la mbele. Humbakizia mlango mmoja tu, ule wa usomaji kulipita andiko lililoutangulia, nao huutumia kwa nadra. Zama zake za fahari zilikuwa za prosesa ya Alpha, iliyotoka mwaka 1992. Kwenye hiyo, hata ukielekezwa mahali palipoandikwa upya, ungeweza kufika ukakuta maandishi ya zamani.

Atasema mtu kwamba ninamsifu mtumishi ilhali wa kulaumiwa ni bwana wake, prosesa iliyoupangua mpangilio. Hoja hiyo haisimami. Mwaka 1979 Leslie Lamport alieleza masharti ambayo mashine ya prosesa nyingi ingepaswa kuyatimiza ili kila agizo lionekane limefuata foleni moja. Watengenezaji wengi wakachagua, macho yakiwa wazi, kutoyatimiza yote, kwa sababu foleni hiyo hula kasi; na waliyoyaacha wakayaandika katika vitabu vya prosesa zao. Linux nayo ina waraka mrefu kuhusu vizuizi, David Howells na Paul McKenney wakiwa miongoni mwa waandishi wake. Basi jaza vizuizi kila mahali, atasema mwingine. Kila kimoja kinaweza kuichelewesha prosesa, na kilichotiwa kwa kubahatisha kinaweza kuficha kosa badala ya kulitoa. Ndiyo maana programu ya Linux ya kukagua msimbo hulalamika ikikuta kizuizi kisicho na maelezo ya kwa nini kipo. Kwa hiyo sheria ipo, imechapishwa, na kuisoma ni bure. Na hapa sifa zinanikauka mdomoni, kwa sababu anayenikera si hitilafu. Ni yule aliyekiandika kiendeshi, akakijaribu juu ya kompyuta yake ya mezani inayosamehe, akakipachika kwenye kifaa cha ARM cha bei nafuu na kwenda zake nyumbani. Na nyuma yake ile sauti ya huduma kwa wateja: zima, subiri kidogo, washa. Ukiwasha itafanya kazi, ndiyo, lazima ifanye kazi, hii ni hitilafu ya muda! Lalamiko hufungwa na kuandikwa kwamba limetatuliwa.

Livue kosa hili nguo zake za kompyuta, utabaki na kutangaza kabla ya kuwa tayari, na huko kuna mashine kubwa kuliko kadi ya mtandao. Aprili na Mei 2019 Wakenya walipanga foleni kutoa alama za vidole kwa ajili ya Huduma Namba, mradi wa namba ya taifa ya utambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba mwaka huohuo, nusu mwaka baadaye. Kifungu chake cha 31 kinataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuchakata data kwa namna inayoweza kuhatarisha sana haki za watu. Novemba 2020 serikali ikatangaza utoaji wa kadi za Huduma Namba, tathmini ikiwa haijafanywa. Shirika la Katiba Institute na Profesa Yash Pal Ghai walikwenda mahakamani, serikali ikajitetea kwamba data ilikusanywa kabla ya sheria kuwepo. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliikataa hoja hiyo, akabatilisha uamuzi wa kutoa kadi na kuamuru tathmini itangulie.

Upo utetezi wenye uzito kidogo: dola haiwezi kusimamisha kila jambo ikingoja karatasi, na wananchi wanahitaji vitambulisho. Ni kweli, na ndiyo hoja ya mpenda kasi na njia yake ya mkato, neno kwa neno. Ila kizuizi hakijawahi kumnyima mtu safari. Kinadai tu umalize hili ndipo uanze lile, na gharama yake hulinganishwa na ya kurudi nyuma, ambayo hapa ilikuwa kesi na kadi zilizokosa uhalali. Mwaka 2023 mradi wa namba ya taifa ulirudi kwa jina la Maisha Namba. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliusimamisha kwa muda. Mlalamikaji alikuwa Katiba Institute tena, na lalamiko lilikuwa tathmini ileile isiyofanywa. Hitilafu ninayemsifu mimi, pamoja na haya zake zote, akishatiwa ule mstari mmoja mahali pake, harudi.