Jinsi ya Kuizunguka Dunia Huku Mbeya Ikikusoma

Kuizunguka dunia siku hizi ni suala la viza, nauli na miguu inayostahimili kuvimba ndani ya ndege. Kibarua ni kuwasimulia waliobaki nyumbani, hasa kama nyumbani kwenyewe ni Mbeya. Mji huu umekaa kwenye njia ya Cairo na Cape Town. Wageni wa pikipiki, wa baiskeli na wa malori yenye viti wanapita wakielekea mpaka wa Kasumulu ili wavuke kuingia Malawi. Watu wa Mbeya wamekwisha kuona wasafiri wa kila namna, na hawatababaika kwa sababu tu wewe umefika Lisbon. Kwa hiyo fuata hatua hizi, na usiruke hata moja.

1. Ruka kipande cha kwanza. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, hivyo safari yako itaanza kwa basi, zaidi ya kilomita 800, na pengine utaifanya tena kwa sababu taarifa ya benki ilikosa muhuri. Kipande hiki usikiandike. Mlima Kitonga kila msomaji wako ameuteremka, wengine wakiwa wamefumba macho. Ukikosea kona moja tu, mjomba aliyekuwa utingo wa malori ya Tunduma atakusahihisha mpaka New York. Anzia mahali ambapo hakuna shahidi.

2. Weka uso mbele. Mnara wa Eiffel una urefu wa mita 330. Hakikisha kichwa chako kimeziba kama 300 hivi, ili watu wasije wakadhani umepiga picha ya mnara. Kisha tuma kwenye kundi la ukoo na usubiri sifa. Bibi atapelekewa simu, ataikuza picha kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na wajukuu, ataupita mnara, ataipita Ufaransa yote, atasimama kwenye shavu lako: “Mbona amekonda hivi? Huko wanampa nini?” Swali la chakula usilijibu. Ukilijibu utakuwa umeandika kitu ambacho watu wanataka kusoma.

3. Bei zitaje kwa fedha za huko. Yuro, yeni, dola: mwaga tarakimu, usibadilishe. Ole wako ukiteleza ukasema kwamba supamaketi ya Ulaya inauza parachichi mojamoja, likiwa na kibandiko mfano wa nembo ya serikali, na kwamba kwa bei hiyo ungejaza sado soko la Mwanjelwa na kupewa nyongeza. Kundi zima litaamka. Shangazi mwenye miparachichi yake Rungwe ataomba picha ya kibandiko. Baba mdogo atataka kujua dalali anachukua kiasi gani. Mjadala utafika usiku wa manane, na picha yako mpya ya machweo haitapata hata kidole gumba.

4. Piga simu saa inayokufaa wewe. Saa kumi jioni ya Los Angeles, jua linapendeza, moyo umejaa, unamkumbuka mama. Piga. Mbeya ni saa nane au saa tisa usiku, kutegemea majira ya huko Marekani. Mwezi wa saba, kwa baridi ya Uyole, hakuna anayetoa mkono nje ya blanketi kwa jambo dogo, na simu ya saa hizo kwa kawaida ina maana moja: msiba. Mama ataipokea akiwa ameshafunga khanga kiunoni, baba anavaa viatu, jirani amewasha taa. Hapo ndipo umwambie: “Shikamoo mama, nilitaka tu usikie mawimbi.”

5. Eleza ule mstari wa tarehe. Ukiondoka Auckland Jumamosi jioni, unatua Los Angeles Jumamosi hiyohiyo mchana, kabla ya saa uliyoondoka. Waambie hivyohivyo, bila maandalizi. Jirani Msabato atauliza ni Jumamosi ipi uliyoitunza, nawe utakuwa huna jibu. Jitetee kwa kumtaja Antonio Pigafetta, Mwitaliano aliyesafiri na msafara wa Magellan ulioondoka Hispania mwaka 1519. Walipotia nanga visiwa vya Cape Verde mwaka 1522, daftari lake lilisema Jumatano na wenyeji wakasema Alhamisi. Hakuwa ameruka siku hata moja. Alikuwa amelifuata jua kuelekea magharibi, likambakiza nyuma kwa siku nzima. Magellan mwenyewe hakurudi, aliuawa Ufilipino mwaka 1521. Kati ya watu zaidi ya 230, waliofika Hispania na meli iliyomaliza mzunguko ni 18, na mmoja wao alikuwa na daftari.

6. Usiwasome waliokutangulia. Hasa Salim bin Abakari. Mwaka 1896 alifuatana na Mjerumani aliyeitwa Bumiller, yeye akiwa mtumishi, wakapita Urusi, Siberia na Asia ya Kati. Simulizi lake la Kiswahili limo katika *Safari za Wasuaheli*, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Ni mfano mbaya kabisa kwako. Badala ya kueleza alivyojisikia, Salim anaeleza watu wanakula nini, wanasafirije, na Waislamu aliowakuta ndani kabisa ya himaya ya Urusi wanaishi vipi. Anauliza yaleyale ambayo mtu wa kwao angeuliza. Matokeo yake, bwana mwenye nauli leo anakumbukwa kwa sababu mtumishi wake aliandika. Aibu ya namna hii ikwepe mapema.

7. Jisifu kwa umbali. Taja kilomita, taja mabara, taja mara ulizobadilisha ndege. Ila uwe mwangalifu na wasomaji wa Mbozi. Wao wanacho kimondo cha tani nyingi kilichotoka nje ya dunia kabisa, na tangu kifike hakijamsumbua mtu kwa picha.

8. Lipiza kisasi. Wale wapitaji wa Cairo na Cape Town huwa wanaimaliza Mbeya kwa mstari mmoja: baridi, mvua, tulilala, tuliondoka. Mlima Loleza ulikuwa juu ya vichwa vyao, Ziwa Ngozi na maua ya Kitulo vilikuwa karibu, wala hawakuuliza. Nawe wafanyie vivyo hivyo. “Roma: mawe ya kale, joto, maji ya kununua.” “London: mvua, tulilala, tuliondoka.” Haki itakuwa imetendeka, na msomaji atakuwa hajaambulia kitu kama walivyotoka patupu wasomaji wao.

9. Rudi ukiwa umejiandaa kuhutubia. Panga picha zako kwa mabara, chaji simu, safisha koo. Utakaribishwa kwa ndizi za nyama na chai ya Tukuyu, na watakuuliza mambo matatu: ulikula nini, nani alikusaidia ulipokwama, na umetuletea nini. Majibu yote matatu yalikuwepo tangu mwanzo, wewe tu uliona ni madogo. Utakapofungua mdomo kuanza na Lisbon, shangazi atakushukuru, “Ndaga fijo, mwanangu, tumefurahi,” halafu atakugeuzia kiti. Nao walikuwa na safari yao ulipokuwa mbali: viazi vilishuka bei vikaozea shambani, kaka yako ameposa, mwenyekiti wa ukoo amebadilishwa kwa kura na hataki kukabidhi daftari la michango.

Kaa, kula, sikiliza. Zamu ya dunia itafika kikao cha harusi kikiisha, na kwanza utaje mchango wako ni shilingi ngapi.