Ngeli za Mkalimani wa Simu: Utafiti wa Ndithini

Utafiti huu unashughulikia swali ambalo vitabu vya sarufi vimelikwepa: mkalimani wa simu yuko ngeli gani? Ulifanyiwa Ndithini, eneo bunge la Masinga, kaunti ya Machakos. Sampuli ni mtu mmoja, ambaye ndiye mtafiti. Vifaa ni kompyuta, hedifoni, na godoro lililoegeshwa mlangoni kuzuia mwangwi.

Tuanze na A-WA. Humu wamo daktari wa Lexington, Kentucky, na mgonjwa aliyetoka Kivu Kusini. Mkalimani hamo, japo anapumua. Kanuni za kazi zinamtaka aseme "mimi" kila mwingine anaposema "mimi". Kwa hiyo kwa Kiingereza nimeshika mimba mara nyingi, na kwa Kiswahili nimekuwa daktari bila kusoma. Mwaitu alipita dirishani nikimwambia mwanamke, kwa sauti ya upole, avue nguo za chini alale chali. Sikuweza kumweleza mama yangu lolote, maana sheria ya Marekani ya 1996 inalinda siri za wagonjwa. Jumapili mchungaji alikuja kunitembelea.

Nikiwa na langu la kusema, sharti nijitaje kama jirani: "Mkalimani anaomba urudie."

Ndani ya A-WA kuna kingeli cha A-BA, na hapa ndipo penye utajiri. Mtu wa Kivu hana watoto, ana batoto. Akimtaja munganga, Mkamba humwaza mpiga ramli, kumbe anayetajwa ni daktari mwenyewe. Akisema "balinitosha damu," asidhaniwe amepata damu ya kutosha: waliitoa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ulihusu maeneo yaliyotawaliwa na Mwingereza, Kivu haikuwemo. Nami niliyechapwa fimbo shuleni kwa ajili ya usanifu huo sasa nalipwa kuusahau.

I-ZI: dakika. Za kuongea zinalipwa, za kungoja hazilipwi. Tusonge.

PA-KU-MU: hapa ni saa tisa alasiri, kule ni saa mbili asubuhi na kliniki inafunguliwa. Novemba wakirudisha saa zao nyuma, hapa panageuka saa kumi, na ng'ombe wa Ndithini, ambao hawakushauriwa, hukamwa kwa kuchelewa.

Limebaki tatizo la jogoo. Kwa wingi ni majogoo, kama LI-YA. Kwa uhai ni A-WA. Kwa mkataba wa kazi ni kelele. Wangu huwika saa kumi usiku, wakati Kentucky ni saa tatu ya usiku uliotangulia. Siku moja muuguzi wa chumba cha dharura alimsikia, akauliza kama mgonjwa anafuga kuku ndani ya nyumba. Kanuni inasema kila linalosemwa litafsiriwe, nikatafsiri. Kisha nikaongeza, kwa lugha zote mbili: "Mkalimani anafafanua kwamba jogoo ni wa mkalimani."

Mgonjwa, aliyekuwa akijibu kwa neno mojamoja tangu mwanzo, akacheka. "Hapana," akasema. "Ile jogoo ni ya kwetu."

Nilitafsiri kama ilivyosemwa. Nikasikia muuguzi akiandika.