Mwongozo wa Kukaribisha Wageni Wasiobisha Hodi

Anza na mbegu. Kamera itasubiri zamu yake. Mwezi wa Desemba, kule Minneapolis katika jimbo la Minnesota, jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama mnamo saa kumi na nusu jioni. Usiku unazidi saa 15, na baridi ikishika hasa hufika nyuzi 20 chini ya sifuri na kupita. Katika usiku huo huo analala nje chikadii, ndege mwenye utosi mweusi na uzito wa gramu 11 hivi. Mchana hula ajiwekee mafuta, usiku huyachoma, tena hushusha joto la mwili kwa nyuzi kama 10 ili yamfikishe alfajiri. Basi kila ukimkurupusha kwa ajili ya picha, unamtoza mafuta ya usiku. Kanuni nyingine zote za ukarimu huu zinatoka hapo.

Sasa karamu. Tumefundishwa kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu umpe jembe. Hawa hawashiki jembe, na watakaa mpaka theluji iyeyuke. Waandalie mbegu nyeusi za alizeti, zile zenye ganda jembamba na mafuta tele. Kigong'ota mtundikie shahamu ya ng'ombe. Karanga zisizo na chumvi ni za jei wa buluu, mgeni anayejaza koo mpaka litune, akaenda kuzificha, kisha akarudi kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Ndege aitwaye junko hula chini, mwagie punje kidogo hapo. Mkate baki nao mezani kwako: unashibisha tumbo bila kuacha mafuta ya maana, na mgeni aliyeshiba hewa hafiki asubuhi.

Kindi atakuja, hata usipomwalika. Simika nguzo laini ya chuma, uivalishe koni ya bati chini ya chombo cha mbegu, na uiweke mbali na matawi, walau mita tatu, kwa kuwa kindi huruka kuliko unavyomdhania. Ukikosa nafasi hiyo, mhesabu kuwa mmoja wa wageni. Yeye pia ana baridi ya kuvuka.

Jambo la kioo halina mzaha. Makadirio ya wanasayansi yaliyotolewa mwaka 2014 yanasema kwamba majengo ya Marekani huua kati ya ndege milioni 365 na karibu bilioni moja kila mwaka, wanaogonga vioo wakidhani ni anga au miti. Tundika chombo ndani ya mita moja kutoka dirishani, ili ndege asipate nafasi ya kushika kasi, au kipeleke zaidi ya mita kumi. Halafu kioshe. Kila wiki mbili tumia maji sehemu tisa na dawa ya klorini sehemu moja, suuza, kausha kabisa. Ukiona ndege aliyevimba macho, ondoa vyombo vyote kwa muda, maana mlo wa pamoja ndio unaosambaza ugonjwa.

Wageni wakishazoea, leta kamera. Chikadii hali mezani: huchukua punje moja, akaruka hadi kwenye tawi, akaibana kwa miguu na kuipasua kwa mdomo. Kwa hiyo simika tawi zuri mita moja au mbili kutoka kwenye mbegu, lililo mbali na ukuta nyuma yake, ulenge hapo. Kaa chini, usawa wa jicho lake, utulie. Kwa muda mfupi atakusahau. Theluji huidanganya kamera, ikatoa picha ya kijivu; ongeza mwanga hatua moja au zaidi. Kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde. Usipige kupitia dirisha lililofunguliwa, kwani hewa ya moto ikikutana na ya baridi hutikisa picha yote. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na kifua. Kadinali mwekundu, anayetamaniwa na kila mpiga picha, hupenda kuja mwangaza ukiwa hafifu, wa kwanza asubuhi na wa mwisho jioni; usimfukuzie mitini, mngoje.

Bundi naye ana kanuni yake: usimrushie panya ili kumvuta kwenye picha. Majira ya baridi ya 2004 hadi 2005, bundi wakubwa wa kijivu walimiminika Minnesota kwa maelfu kutoka misitu ya kaskazini, panya walipoadimika huko, na mamia yao waligongwa na magari. Bundi aliyefundishwa kwamba binadamu aliye kando ya barabara ana chakula amefundishwa kuisogelea barabara. Ukifika karibu akasimama wima na kukukazia macho, umeshapita mpaka; rudi nyuma taratibu.

Kabla ya kuingia ndani, toa kadi ya kumbukumbu ungali nje, kisha ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki na uiache humo saa moja au mbili, la sivyo unyevu wa nyumba utaganda juu ya lenzi na kupenya ndani. Muda huo unatosha kuosha vyombo vya mbegu vya kesho.