Ngeli za Kadi: Tasnifu Fupi Kutoka Section Three

Wanasarufi waliitia kadi katika ngeli ya I-ZI, wakapangusa mikono, wakaenda zao kunywa chai. Kadi hii, kadi hizi, basi. Mtafiti aliyeishi Section Three, Eastleigh, miaka mingi, tena aliyekata stensili kwa wembe mpaka wembe nao ukamkata yeye, hawezi kuridhika na uvivu wa namna hiyo. Kuna kadi ya mchango, ambayo humfikia mtu kabla ya mshahara kumfikia. Kuna kadi ya harusi iliyopigwa chapa River Road, ambayo haituhusu. Kulikuwa na kadi ya sakses ya darasa la nane, iliyokuwa na msimu wake kama embe hadi KCPE ya mwisho ilipofanywa mwaka 2023. Halafu kuna kadi ya mkono: ile inayozaliwa mezani kwa manila, stensili, rangi ya maji na kelele za matatu dirishani. Hiyo ndiyo tunayoichunguza hapa. Vielelezo vyote vimo katika boksi la viatu juu ya kabati, na mtafiti anaomba radhi kwamba kadhaa vimeonjwa na mende.

Historia kwanza, maana tasnifu isiyo na historia haipewi hata kiti. Mwaka 1843, huko London, bwana mmoja aitwaye Henry Cole alielemewa na barua za kujibu wakati wa Krismasi. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ya kuwatosheleza wote. Zikapigwa chapa zipatazo 1,000, zikatiwa rangi kwa mkono, na zilizobaki zikauzwa shilingi moja moja. Pichani jamaa nzima imeshika glasi za mvinyo na mtoto naye ananyweshwa, jambo lililowaudhi sana wapinzani wa pombe. Wengine wakikisoma kisa hiki huona mwanzo wa biashara kubwa. Sisi tunamwona mtu aliyeshindwa kuandika barua akitafuta udhuru wenye picha.

Kutokana na udhuru huo naijenga Nadharia ya Kiraka: pambo lolote kwenye kadi ya mkono limewekwa pale kufunika dosari, na ngeli ya kadi hujulikana kwa dosari iliyofunikwa. Watani wangu wa Mombasa hunipinga. Wao husema kadi iliyotimia ni kanga, kwa kuwa ina pindo, ina mji na ina jina, na anayepelekewa hawezi kujifanya hakuisoma. Hoja ni nzito. Lakini kanga haisimami juu ya televisheni, kwa hiyo tuendelee.

Ngeli ya kwanza ni TUNDU-MATUNDU, yaani kadi za stensili. Dosari inayofunikwa: mwenye kadi hajui kuchora. Malighafi bora ya stensili si ile plastiki ya dukani bali filamu ya eksirei, na nyumba nyingi nilizoingia zina moja chini ya godoro, imehifadhiwa kama hatimiliki. Unailoweka ndani ya Jik, utando mweusi unavimba na kumenyuka, unabaki na filamu angavu, ngumu, isiyolewa rangi. Mimi nilikosa subira nikaitoa mapema. Ilikuwa eksirei ya kifua cha nyanya yangu, na mbavu hazikutoka zote. Waridi nililolikata likaota katikati ya mbavu ya nne na ya tano, na mpaka leo nikigonga rangi juu yake naona kama nampima marehemu pumzi.

Kukata ua ni rahisi. Kukata herufi kunataka siasa. Herufi yenye tumbo, kama A, D, O, P au R, ukiizungushia wembe tumbo linadondoka na unabaki na shimo. Lazima uache vidaraja vyembamba vya kulishika. Kwa hesabu yangu HERI ina tumbo moja tu, ilhali IDI MUBARAK ina matumbo sita, maana B peke yake inayo mawili. Nadhani hii ndiyo sababu kadi nyingi za mtaani kwetu hutakia watu heri bila kueleza ni heri ya nini. Ukishakata, chukua kipande cha sponji ya godoro, kichovye, kikamue karibu kikauke, kisha gonga. Usipake. Anayepaka husukuma rangi chini ya ukingo, na ua lake huota ndevu.

Katika ngeli hii ndimo kilimo Kielelezo Na. 4, ambacho sayansi inanilazimu kukieleza. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa anaoa. Nikaamua kumwandikia PONGEZI kwa herufi zenye upana wa sentimita 3 kila moja, juu ya kadi ya A6 iliyolazwa, ambayo urefu wake ni milimita 148. Nilikuwa nimeshagonga P, nikagonga O, rangi nyekundu iliyoiva vizuri, ndipo nikaishika rula. Herufi saba mara tatu ni 21. Kadi ilikuwa na nafasi ya herufi nne. Nilikaa pale kitambo, nikitafuta neno la Kiswahili lenye herufi nne linaloanza na PO. Likanijia moja tu. Nikalizungushia maua kumi na mawili na njiwa wawili, na siku ya sherehe mshereheshaji akalisoma kwenye kipaza sauti, pole pole, kama mtu asiyeamini macho yake: «Bwana harusi, pole.»

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, hana shida za herufi kwa sababu hakati chochote. Yeye hununua vibandiko vya hina. Tangu Garissa Lodge, iliyokuwa nyumba ya kulala wageni, ilipogeuzwa vyumba vya maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na majengo mengine kufuata mkondo huo, pambo la bibi harusi unaloweza kulikosa Eastleigh ni lile ambalo bado halijabuniwa. Vibandiko hivyo vimekusudiwa viganja mkesha wa Idi. Yeye huvibandika kwenye manila, hugonga rangi, huvibandua, na vikibaki na gundi kidogo huvimalizia kwenye mkono wake mwenyewe. Nimemweleza kwamba kitaaluma huo ni mseto haramu wa ngeli mbili. Aliitikia, «Ndiyo, Mjomba,» akaendelea kugonga.

Ngeli ya pili ni NUNDU-NUNDU, ambayo umoja na wingi wake ni sawa. Hizi ni kadi zilizobenuliwa. Unalaza stensili juu ya kioo cha dirisha, karatasi juu yake, kisha unasugua kingo kwa Bic iliyokwisha wino mpaka ua linatokeza upande wa pili, jeupe juu ya jeupe. Dosari inayofunikwa: rangi zimeisha na tarehe ya mwisho wa mwezi iko mbali. Watu husifu sana usafi wake, wakidhani ni unyenyekevu. Manila nyepesi hutoboka. Ile kadibodi inayokaa ndani ya mashati mapya ya dukani, ambayo mimi huiokota kwa furaha, haibenuki hata ukiipigia magoti. Wenye uwezo hunyunyiza unga maalumu juu ya wino mbichi, kisha huupasha moto kutoka chini mpaka uyeyuke na kuvimba. Mpwa wangu hutumia pasi iliyopinduliwa. Kielelezo Na. 9 kina waridi la dhahabu na, ukigeuza nyuma, ramani kamili ya pasi.

Ngeli ya glita haistahili aya.

Inabaki DOA-MADOA, ngeli ya rangi za maji, ambayo ndiyo kubwa na yenye uongo mwingi kuliko zote. Hakuna mtu Section Three aliyewahi kukusudia kuchora machweo. Machweo hutokea. Ushahidi wangu niliushuhudia mwenyewe:

«Mjomba, umemwaga chai.»

«Sijamwaga. Nimetandaza msingi.»

«Haya. Basi lete chumvi.»

Chumvi inayotakiwa ni ya mawe, isiyosagwa. Unatia rangi yenye maji mengi, unasubiri mpaka uso ung'ae bila kutuama, kisha unadondosha chembe moja moja. Kila chembe huvuta maji yaliyo jirani, maji huja na rangi, na yakikauka huacha nyota zenye miale. Ukiwahi mno chumvi huyeyuka. Ukichelewa hukaa tu juu kama kwenye kachumbari. Mtu akitaka miduara iliyo wazi badala ya nyota, atone spiriti ya kidonda, nayo rangi itaikimbia. Akitaka neno la siri, aliandike kwanza kwa mshumaa, kwa maana nta hukataa maji. Karatasi ya wachoraji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba hustahimili mafuriko haya, lakini manila yetu hujikunja kama samaki kikaangoni, hivyo sisi huibana kwa gundi ya karatasi pande zote nne juu ya sinia. Wageni wakija, sinia hufunikwa kwa kawa na kila mtu huuliza kuna nini.

Nadharia yangu ilisimama imara mpaka juzi, nilipokuta mezani kadi moja mpya. Mandhari ya buluu yenye nyota za chumvi, mpaka wa hina usio na ndevu, kona zimebenuliwa bila tobo. Niliipeleka chini ya balbu. Nikaigeuza. Nikainusa. Sikuona kiraka.

«Hii imekosewa wapi?» nikamuuliza.

«Bado haijaandikwa, Mjomba. Ni ya yule bwana wa pole. Wamepata mtoto wa tatu. Mkewe amesema maandishi uyakate wewe.»

Nikavaa miwani. Herufi saba za sentimita 2 ni 14, na kadi ina 14.8. Zinabaki milimita nane za kugawa. Nikaamua mara hii nianzie mwisho, kwenye I, nirudi nyuma. Nilipofika kwenye G, mpwa wangu alisimama akaliondoa birika mezani.